Hewa ya Baba Mkwe

"Hebu mnuse mdomo," Bosi alisema.

Aliyeambiwa anuse ni nahodha wa boti. Wa kunuswa alikuwa mwalimu wa kuzamia, mume wa mtu, mtu mzima na heshima zake, ameketishwa kwenye mbao za gati na nguo yake ya mpira ikichuruzika maji, kichwa amekiinamisha katikati ya magoti. Alikuwa ametapika kwenye boti, akatapika tena gatini. Wafanyakazi wote wa kituo cha kuzamia walikuwa wamemzunguka, na wateja waliokuwa wakisubiri zamu nao wakasogea, miwani ya kuzamia vichwani na mapezi ya miguu mikononi. Nani asiyependa kutazama cha bure?

Nahodha akainama, akanusa, akaona haya. "Pombe sisikii, bosi. Nasikia matapishi tu."

"Nusa vizuri bwana, usimnuse kama maua."

Akanusa tena. Jamani, kuna aibu na aibu. Mwanaume kunuswa mdomo mbele ya wanafunzi aliowafundisha asubuhi ile ile namna ya kufunga mkanda wa uzito wa risasi ili wasielee juu kama maboya, aibu hiyo haitoki kwa kuoga.

Nyuma ya wote alisimama Fundi Hewa. Ndivyo walivyomwita, maana kazi yake ilikuwa kujaza mitungi: kukaa na kompresa kwenye banda la nyuma na kushindilia hewa ndani ya chuma hadi geji iseme basi. Na huyo aliyekuwa akinuswa alikuwa mkwe wake, mume wa binti yake wa pekee. Yeye ndiye aliyemtafutia kazi hapo, akajigamba kwa kila mtu kwamba sasa familia nzima inakula kwa pumzi.

"Fundi." Bosi akamgeukia. Alikuwa mwanamke mkavu asiyependa maneno mengi, na kituo alikijenga kwa mikono yake. "Mtungi wake je? Hewa ilikuwa sawa?"

Fundi Hewa hakuwa na hakika, lakini alijua kiasi cha kutosha. Angeweza kusema, "Ngojeni kwanza, bosi, nina wasiwasi." Maneno hayo yalifika hadi kwenye ulimi kabisa.

"Hewa yangu ni safi, bosi," akasema. "Miaka yote hii nani amewahi kulalamika?"

Sauti ilimtoka kwa ukali hata mwenyewe akashtuka.

"Basi ni ile sherehe ya jana," Bosi akasema. "Nimesikia mlikesha."

"Sikunywa, bosi." Mkwe akainua uso. Macho yalikuwa mekundu na midomo ilikuwa ikimtetemeka. "Mimi pombe sijawahi hata kuonja. Muulizeni baba."

Watu wote wakamgeukia Fundi Hewa. Akatazama kandambili zake.

"Kwenye sherehe mimi sikuwepo," akasema.

Na kweli hakuwepo. Hakuna ambaye angeweza kumshika kwa uongo hapo. Lakini mkwe alimtazama kwa muda, kisha akakirudisha kichwa katikati ya magoti, na Fundi Hewa akatamani mbao za gati zipasuke azame.

Mambo ya huko chini waliyapata kwa keshia wa benki, mwanafunzi aliyekuwa naye. Walikuwa karibu na mita ishirini. Mwalimu alianza kumcheka samaki, alisema keshia, akawa anacheka peke yake kama mtu aliyekumbuka kichekesho. Halafu akasahau kuangalia geji. Halafu akataka kukitoa kile kidude cha hewa mdomoni, kana kwamba amekaa sebuleni. Keshia, mgeni wa maji, ndiye aliyemshikilia kidude mdomoni na kumpandisha polepole huku akipumua kwa utaratibu, kama alivyofundishwa na huyo huyo aliyekuwa akimvuta.

"Kwa hiyo mwanafunzi amemwokoa mwalimu," Bosi akasema. "Tutakula nini mjini wakisikia? Nenda nyumbani. Nikikuhitaji nitakuita."

&nbsp;

Walipotawanyika, Fundi Hewa alirudi bandani kwake, akafunga mlango, akatazama mpira wa kuvutia hewa.

Kompresa haitengenezi hewa. Inaivuta tu kutoka nje kwa mpira mrefu na kuibana. Ikivuta hewa ya baharini, mtu chini atapumua hewa ya baharini. Ikivuta moshi, atapumua moshi. Ndiyo sababu mdomo wa mpira ule lazima uwe juu kabisa, upande upepo unakotokea. Kwa miaka mingi ulikuwa umefungwa kwenye ncha ya bomba refu la chuma, lenye pete ya rangi nyekundu, lililopita juu ya paa la banda. Sasa ulikuwa unaning'inia kwenye msumari ukutani, kimo cha kifua cha mtu.

Bomba lilikuwa nyumbani kwake, limebeba antena ya televisheni.

We acha tu, hakuwa mwizi. Alichomwa na maneno ya shemeji yake, dada wa mke, mwanamke wa mjini mwenye mdomo. Alipowatembelea mara ya mwisho alikaa mbele ya picha iliyojaa chenga, akaikunja miguu yake, akasema, "Kwenu mvua inanyesha ndani ya televisheni? Niletewe mwavuli basi." Mke wa Fundi alicheka pale, kisha akalia jikoni. Shemeji alipotuma habari kwamba anarudi tena, Fundi alilifungua bomba, akalibeba hadi nyumbani, akamwambia mkewe amelinunua. Angelirudisha mgeni akishaondoka. Na bandani hapakuwa na taabu, maana kompresa ilikuwa ikiendeshwa kwa umeme, na umeme hauna moshi.

Siku ile umeme ulikatika katikati ya kazi. Ikabidi awashe injini ya petroli. Alisimama, akatazama upepo unakoelekea, akautazama mpira kwenye msumari, akajiambia moshi unakwenda kule, nijaze hii michache tu. Akaenda kunywa chai. Aliporudi upepo ulikuwa umegeuka, na moshi wa ekzosi ulikuwa ukizunguka pale pale ukutani kama mbwa anayetafuta pa kulala. Aliuhamisha mpira haraka. Ile mitungi iliyokwisha kujaa aliifungua koki, akanusa, akaona harufu ni ndogo sana. Itakuwa imeingia kidogo, akasema. Mmoja wa mitungi hiyo alipewa mkwe wake. Wa keshia ulikuwa wa asubuhi, kabla umeme haujakatika.

Iliyosalia ilikuwa mbele yake, imesimama mstari. Hiyo ndiyo iliyoweza kusema ukweli. Mtu yeyote mwenye kipimo angeipima na kumwondolea mkwe maneno. Fundi Hewa akachungulia dirishani, hapakuwa na mtu. Akazifungua koki zote, moja baada ya nyingine. Hewa ikatoka kwa kelele, banda likajaa ubaridi na harufu ile ndogo, akasimama katikati yake hadi mitungi ikanyamaza.

&nbsp;

Nyumbani picha ilikuwa safi ajabu. Shemeji alikuwa amekalia kochi kubwa, ameshika rimoti, akiwasifu. "Sasa hapa ni kwa watu," akasema. "Hata mtangazaji namwona chunusi."

Binti alikuwa amemleta mumewe hapo ili mama yake amsaidie kumwuguza, maana yeye alikuwa msusi na wateja hawasubiri. Mkwe alilala kwenye kochi dogo, taulo yenye maji kichwani. Kila Fundi alipoingia, kijana alijitahidi kuinuka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Lala, lala."

"Kichwa bado kinanigonga, baba. Kama kuna mtu ndani anatengeneza sufuria."

"Kitapoa."

"Nafikiria nilikosea wapi. Nashindwa kupata." Alitazama televisheni bila kuiona. "Wewe ulikuwa unazamia zamani. Ulishawahi kupotewa akili kule chini?"

"Hutokea," Fundi akasema. "Mwili hubadilika." Akatoka nje kana kwamba ameitwa. Nje, juu ya paa, bomba lilikuwa limesimama wima na pete yake nyekundu, na lilionekana kutoka mwanzo wa mtaa hadi mwisho. Akarudi ndani. Ndani nako kulikuwa na ile picha safi.

Siku zilizofuata habari zilitangulia mbele ya binti kila alipokwenda. Mteja mmoja aliyekuwa amesukwa nusu kichwa alimwambia, kwa huruma kabisa, kwamba hata mjomba wake aliacha pombe baada ya kuombewa. Binti alimaliza kusuka, akarudi nyumbani, akamkuta baba yake ameketi uani.

"Baba, nieleze," akasema. "Mimi sijui mambo ya kuzamia. Watu wanamsema mume wangu na mimi sijui hata nimtetee kwa lipi. Nieleze kama mtoto."

Fundi Hewa hakuwa na pa kukimbilia. Akaokota chupa tupu ya maji, ya plastiki, akaifunga kifuniko.

"Hii ni mapafu yako," akasema. "Hapa juu imejaa hewa. Ukishuka mita kumi, uzito wa maji unaibana." Akaiminya kwa viganja, ikalia. "Hewa ile ile, lakini sasa inajaa nusu chupa tu. Mita ishirini, theluthi. Ndiyo maana mtungi unakupa hewa iliyobanwa vile vile, ili kifua kisiminywe. Na ukipanda lazima upumue, usibane pumzi hata kidogo, kwa sababu hewa inatanuka tena." Akaiachia chupa, ikajitanua. "Ukiibana, mapafu yanapasuka."

"Yeye hakubana pumzi?"

"Hapana. Alipanda vizuri. Alipandishwa vizuri."

Binti akaichukua chupa, akaiminya mwenyewe. Alikuwa na akili tangu mdogo, na Fundi alikuwa akijisifia jambo hilo. Sasa alimwona akifikiri, akaogopa.

"Kwa hiyo pumzi moja ya kule ni pumzi tatu za hapa zimeshindiliwa pamoja."

"Karibu tatu."

"Basi hewa ikiwa na uchafu kidogo tu, hapa husikii kitu, kule unavuta mara tatu."

Mle ndani shemeji alicheka jambo kwenye televisheni.

"Baba?"

"Hewa haikuwa na uchafu."

"Sisemi yako, baba! Jamani. Yako naijua. Nauliza tu inavyokuwa." Akamshika mkono kumtuliza. "Halafu hata daktari aliniuliza kama alivuta moshi mahali. Nikamwambia moshi utoke wapi, daktari, mtu alikuwa ndani ya bahari? Akacheka, akaandika dawa ya kichwa."

Binti naye alicheka kidogo. Fundi Hewa aliutazama mkono wa mwanawe juu ya wake na akaona haya hadi masikio yakamwaka moto. Mtoto alikuwa ameshika jibu mkononi, na baba yake ndiye aliyemnyang'anya.

&nbsp;

Ujumbe wa Bosi ulikuja asubuhi. Mkwe akaja nao uani, amevaa shati lililopigwa pasi.

"Baba, Bosi ananipokea," akasema. "Ila si kama mwalimu. Nitakuwa nasuuza miwani na mirija na nguo za wateja. Na kwanza nisimame mbele ya wote nikiri kwamba nilikunywa, niombe radhi."

"Lakini hukunywa."

"Sijui tena, baba." Alisema taratibu, akitazama mikono yake. "Labda pale kwenye sherehe mtu alinitilia kitu kwenye soda. Nimefikiri hadi nimechoka. Kama si pombe, basi ni mimi, basi akili yangu haifai maji. Afadhali iwe pombe. Nitasema tu." Kisha akasema lile alilolijia. "Naomba unisindikize. Wewe ni mtu mzima, Bosi anakusikia. Ukisimama karibu yangu haitakuwa aibu sana."

Fundi Hewa akainua macho hadi kwenye bomba juu ya paa.

"Tangulia," akasema. "Nakuja."

Alibaki ameketi kama mtu aliyesahau namna ya kuinuka. Halafu akainuka, akachukua ngazi na spana, akapanda juu ya paa.

Ndani shemeji akapiga kelele. "Mvua hiyo! Mvua imerudi!"

Mke wa Fundi akatoka mbio. "Wewe mzee, una wazimu? Dada yangu anaangalia!"

"Nalirudisha."

"Unarudisha nini?"

"Bomba. Si letu. Ni la kazini."

"Uliniambia umelinunua."

"Nilikudanganya."

Shemeji naye alikuwa amefika mlangoni, rimoti mkononi, na majirani wawili watatu walikuwa wamechungulia. Mke akashusha sauti. "Ushuke sasa hivi. Usinivue nguo mbele za watu. Kesho utalirudisha, dada akiondoka."

"Mama," Fundi akasema kutoka juu. Hakumwita mkewe hivyo ila siku mbaya. "Bomba hili lingekuwa mahali pake, mkweo asingelala kwenye lile kochi. Nilimpa moshi avute. Mimi mwenyewe, kwa mikono yangu."

Mke alimtazama. Kisha akaenda kuishikilia ngazi isiteleze, uso ameugeuzia ukutani.

Fundi Hewa alilibeba bomba begani, waya wa antena ukiburuta vumbini nyuma yake, maana hakukumbuka kuukata. "Fundi, unahamisha nguzo ya umeme?" kijiwe kizima kikamtania. "Acha hata sisi tupate mwanga!" Siku nyingine angewajibu. Bomba lilikuwa zito kuliko siku alipokuja nalo, na kila alipotaka kukimbia ncha yake ilipepesuka na kumyumbisha.

Alichelewa. Alipoingia kituoni wote walikuwa wamesimama gatini, na mkwe mbele yao, mikono nyuma.

"…nilikunywa," alikuwa akisema. "Naomba radhi kwa Bosi, na kwa yule dada aliyeniokoa, na kwenu nyote. Haitatokea tena."

Mtu mmoja akapiga makofi kidogo, akaona yuko peke yake, akaacha.

Fundi Hewa aliliangusha bomba kwenye mbao. Lilipiga kelele hadi wakaruka.

"Huyu hakunywa," akasema. "Ni hewa yangu."

Akasema yote. Hakupanga maneno, yalitoka yamepindapinda: shemeji, antena, msumari, umeme, chai. Kuna mahali mtu alitaka kucheka, pale pa mwavuli, akajizuia. Bosi alisikiliza bila kupepesa jicho.

"Mitungi mingine ya siku ile iko wapi?" akauliza.

"Niliifungulia. Hewa yote ikatoka."

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua."

"Tangu lini?"

Fundi Hewa akatamani kusema jana, au juzi. "Tangu mlipokuwa mnamnusa mdomo."

Nahodha akageuza uso baharini. Mkwe hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali apige. Aliuliza jambo moja tu, kwa adabu ile ile ya kila siku.

"Baba, nilipowaambia wakuulize wewe. Ulinisikia?"

"Nilikusikia, mwanangu."

Kijana akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa jibu la hesabu alilokuwa amelitafuta sana.

Bosi alimwendea mkwe kwanza. "Mimi nilifanya unuswe mbele za watu," akamwambia, naye haya zilimshika, akaiweka sawa skafu yake bila sababu. "Nisamehe. Kazi yako ni ile ile ya ualimu." Kisha akamgeukia Fundi, akamtazama toka juu hadi chini. "Huyu ningemfukuza sasa hivi," akamwambia mkwe. "Lakini wewe ndiye uliyetaka kufa. Sema wewe. Nimfukuze?"

Maji yalipiga nguzo za gati. Fundi Hewa hakuthubutu kumtazama mkwe wake. Alitazama ile pete nyekundu kwenye bomba, iliyochubuka pale alipoifunga antena, akaona kwamba afukuzwe, ndiyo, afukuzwe, angalau pawe na mwisho.

"Mwacheni ajaze," mkwe akasema.

&nbsp;

Bomba likarudi juu ya banda. Bosi akanunua kipimo cha hewa, kidude kidogo kinachowaka taa ya kijani kama hewa ni njema, na akaagiza hakuna mtungi utakaotoka bandani bila kupimwa. Kule nyumbani mvua ilirudi kwenye televisheni, na shemeji akakatiza safari yake. Binti aliendelea kuwapelekea wazazi wake mboga na sabuni kama zamani. Alimsalimia baba yake vizuri, akaweka vitu mezani, akaondoka kabla chai haijachemka.

Mkwe alikuja bandani kila asubuhi kuchukua mitungi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama tu."

Fundi Hewa anauweka mtungi mbele yake, anachomeka kipimo, taa inawaka kijani, wote wawili wanaiona. Naye mkwe anachuchumaa, anaifungua koki kidogo, hewa inamchapa usoni. Anainamisha kichwa na kunusa. Fundi Hewa anasimama pale pale, mikono nyuma, hadi amalize. Kisha kijana anasogea karibu zaidi, anafumba macho, na kunusa tena, vizuri.